Fimbo Yenye Uso Imenilia Kondoo

Jamani, leo nimeliwa kondoo dume na fimbo!

Mkwe wangu kaleta fimbo ya gofu hapa Nangwa.
Nikamwambia, "Mimi niliwalaza fisi wawili kwa fimbo moja. Mpira usipofika kwenye ule mti wa mgunga, chinja kondoo wangu."

Nikapiga. Ukaenda kulia, kwenye maharage.

Mkwe akasema, "Baba, uso wa fimbo, hapo panapogonga mpira, umetazama kulia."

Uso? Tangu lini fimbo ya ng'ombe ikawa na uso?
Nikageuza mwili kushoto, nikapiga tena. Kulia!

Mke wangu akaikagua kama jembe lililopinda kwenye mpini, akaigeuza kidogo, akapiga.
Mgungani moja kwa moja!

Sasa naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mguu wa kondoo anayechunwa.
Na mkwe anatangaza ini ni la mama, mshindi.
Semeni nyie, hii ni haki?