Namba Tasa ya Mwalimu Selestini

Mwalimu Selestini alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ni ule wa miaka thelathini na tano ya kusimama mbele ya watoto sabini na kitu, katika shule ya msingi ileile ya Gungu. Magoti yalimuuma, koo lilishakauka kwa vumbi la chaki, na mwezi ujao alikuwa anastaafu. Kimoja tu kilikuwa bado kinamfanya atembee kifua mbele: namba 1018081.

Aliichagua mwenyewe enzi za ujana. Akaigawa kwa mkono kwa kila namba tasa iliyokuwa kwenye bango lake la manila, kuanzia 2 hadi 997, zote mia moja sitini na nane. Hakuna iliyoingia bila kubakiza. Basi akatangaza kuwa nayo ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na kila darasa la saba likaikariri. Walimu wenzake walishaamua kuiandika ukutani kwa rangi siku ya kumuaga.

Jumatano, wakati wa mapumziko, Yuliana, mwalimu mgeni wa hesabu, akamvuta pembeni akiwa na simu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Usinielewe vibaya, baba. Ile namba si tasa. Ni 1009 mara 1009."

Selestini akaomba karatasi. Akazidisha taratibu, akarudia, maana mara ya kwanza hakutaka kuamini. Ikatoka ileile. Bango liliishia elfu moja kwa sababu manila ilikwisha, naye akadhani na kazi imekwisha. Namba tasa inayofuata baada ya 997 ni 1009. Alibakiza hatua moja tu, mzee wa watu!

"Tunyamaze," Yuliana akanong'ona. "Nani atajua?"

Lakini aliyejua alikuwepo. Miaka kumi na miwili iliyopita mwanafunzi wake Nehemia aliandika jibu hilohilo daftarini. Selestini hakujisumbua hata kulikagua. Alimwekea alama kubwa nyekundu ya kosa, akamsimamisha mbele, darasa zima likamcheka.

Baada ya kazi akajikokota hadi kijiwe cha bodaboda. Nehemia, sasa mwanaume mwenye ndevu zake, akafuta kiti cha pikipiki kwa kitambaa akidhani amepata abiria.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikupeleke wapi?"

"Sipandi. Ile namba... ulipata, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosa. Naona aibu."

Nehemia hakuuliza namba gani. Alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilijua nimepata, Mwalimu. Nilirudia kuzidisha nyumbani, kila mara inakuja hiyohiyo. Lakini wewe ulikuwa Mwalimu. Nikaona basi akili yangu inanidanganya, nikaacha kuisikiliza."