Spika za Mgiriki katika Pijo la Mzee Yunusi

Siku hizi kila mtu ana redio mfukoni na hakuna anayesikiliza. Enzi zile za foleni za sukari redio moja ilitosha mtaa mzima, na kwa watu wa Mwembesongo, mjini Morogoro, redio hiyo ilikuwa ndani ya gari. Lilikuwa Pijo 404 la Mzee Yunusi, mchuuzi wa machungwa, mtu wa swala tano na maneno mengi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kubana mafuta. Wenye magari wengine walinuna. Mzee Yunusi aliliegesha Pijo mbele ya nyumba, akafungua milango yote minne mpaka mwisho, akawasha redio, na majirani wakaja na vigoda vyao. Betri za redio zilikuwa zimeadimika madukani, lakini betri ya gari ilikuwepo. Zilikuwa Jumapili tamu, jamani, na waliozila hawakujua kama zina mwisho.

Fundi wa redio wa mtaa huo alikuwa Anselmi, mzaliwa wa Mgeta, kule juu milimani ambako watu hulima kabichi kwenye miteremko ambayo mbuzi huifikiria mara mbili kabla ya kuipanda. Aliteremka mjini akiwa kijana, akafagia duka la redio la Muhindi mmoja kwa miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kushika pasi ya kuchomelea. Muhindi alipohama nchi alimwachia pasi hiyo, bisibisi mbili, na usemi mmoja: "Usiibebeshe redio mzigo usio wake." Anselmi akafungua kibanda karibu na soko, akawa fundi mpole, msafi wa mikono, na mbishi wa kimyakimya. Ukimletea kazi atakuambia haiwezekani, kisha kesho yake utaikuta imekwisha.

Mama yake, Veronika, alibaki Mgeta. Kwa miaka thelathini alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya akina mama ya misheni, yaani yule anayeanza peke yake ndipo wengine wampokee. Kiangazi kimoja watu wa redio walipanda na gari lao la mitambo, wakairekodi kwaya ile nyimbo nne. Miezi ikapita bila kusikia kitu. Masika yalipoingia Veronika aliugua malaria kali, akachomwa kwinini nyingi, akapona. Ila masikio yakabaki mazito, na kila mwezi yalizidi kuwa mazito.

Halafu tangazo likatoka: kwaya ya akina mama wa Mgeta, Jumapili ijayo saa tisa alasiri. Veronika akamtumia mwanawe salamu kwa dereva wa lori la mboga. Salamu zenyewe hazikuwa ndefu. "Mwambie Anselmi nimeimba miaka thelathini na sijui watu walikuwa wanasikia nini. Nataka nijisikie mara moja kabla masikio hayajafunga mlango. Nakuja."

Anselmi alipoupata ujumbe huo hakula mchana. Alijua kwamba redio ndogo haifai. Mara ya mwisho alimwekea moja sikioni, mama akasema anasikia mbu. Na redio ya Pijo, iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ilikuwa nzuri yenyewe lakini spika yake ilikuwa moja tu, chini ya dashibodi, imechakaa na inakoroma. Hapo ndipo alipozikumbuka spika mbili za mviringo mrefu alizokuwa amezitunza chini ya kitanda, zilizotoka kwenye redio kubwa ya santuri ya Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge. Zingekaa moja kila mlango wa mbele, na mama angekaa katikati ya sauti.

"Shikamoo, Mzee Yunusi."

"Marahaba, fundi. Uso huo vipi, umefiwa?"

Anselmi akaeleza. Mzee Yunusi akasikiliza mpaka aliposikia neno kutoboa.

"Utoboe mlango wa Pijo? Mlango wangu? Nyie watu wa mlimani mmezoea kutoboa magogo kutega mizinga ya nyuki!"

"Redio yenyewe siigusi, mzee. Nagusa ubao wa ndani tu."

"Na kama haikulia?"

"Nitaurudisha mlango kama ulivyokuwa, na nitakutengenezea redio bure mpaka nife."

Mzee Yunusi akalizunguka gari mara mbili, akaupapasa mlango. "Mama ni mama," akasema mwishowe. "Lakini ukikuna rangi, mimi na wewe basi."

Kazi ilianza Ijumaa na kuisha Jumamosi jioni. Anselmi alivua mkono wa kuzungushia kioo, akaubandua ubao wa mlango taratibu kwa ncha ya kijiko, kwa sababu vibanio vyake vikivunjika havipatikani nchi nzima. Kabla ya kukata chochote aliurudishia ule mkono, akateremsha kioo mpaka chini, na kumbe afadhali, maana pale alipokuwa amepachagua kioo kingegonga sumaku ya spika. Akasogeza alama mbele na chini kidogo, akachonga kipete cha mbao kuiinua spika isiingie ndani mno. Kwa kuwa mvua ya Morogoro huteremka kwenye kioo na kupita ndani ya mlango, alikata mfuko wa nailoni wa mbolea, akaitengenezea kila spika kofia ili karatasi yake isilowe. Spika ya zamani akaikata isipokee kitu. Mpya mbili akaziunga kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, kama Muhindi alivyomfundisha, ili redio isielemewe.

Tatizo lilikuwa waya. Madukani haukuwepo, na alichokuwa nacho ni kipande kimoja alichokitunza kama dawa. Akaufunga mlango, akapima, akakata bila kupoteza hata urefu wa kidole. Gari hutembea milango imefungwa, ndivyo alivyowaza, fundi mzima na akili zake. Viungo akavizungushia plasta ya zahanati. Akajaribu kwa sauti ya chini, ndani ya banda jembamba ambamo mlango ulifunguka nusu tu. Redio ikaimba vizuri mno hata Mzee Yunusi akavua kofia.

Jumapili Veronika alifika na lori la mboga, njia ya Mzumbe, amevaa khanga mpya na viatu ameshika mkononi. Majirani walikuwa wamekwisha kaa. Akapewa kiti cha mbele, Anselmi akakaa kwenye usukani. Saa tisa kasoro dakika tano mtangazaji akaitaja Mgeta na mwimbishaji wake Veronika, watu wakapiga makofi, na Mzee Yunusi, mwenyeji asiyejua kubana, akafanya alichofanya kila Jumapili. Akaushika mlango wa kulia akaufungua mpaka mwisho, akazunguka mbele, akaufungua na wa kushoto.

Redio ikanyamaza.

"Mzee umefanya nini!" Anselmi alipiga kelele, yeye ambaye hajawahi kumpandishia mkubwa sauti. Kisha akaona waya umechomoka kwenye kiungo karibu na bawaba, upande wa mama, na akajua kwamba kosa ni lake. Katika mtaa huu hakuna aliyewahi kusikiliza Pijo milango ikiwa imefungwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye vigoda hivyo Jumapili ngapi? Na spika zilizofuatana, moja ikikatika, zote zimekufa. Alitamani ardhi ipasuke.

"Fungeni!" akasema. "Fungeni milango yote!"

Milango ikafungwa, watu wakabaki nje, pua kwenye vioo. Anselmi akalala kifudifudi miguuni pa mama yake, akaipapasa plasta, akapata ncha mbili, akazibana kwa kidole gumba na cha shahada. Sauti ikarudi. Akanyoosha mkono mwingine, akaipandisha redio sauti mpaka mwisho.

Mwimbishaji alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Ndani ya gari lililofungwa sauti haikuwa na pa kukimbilia. Ilitoka mlango huu na mlango ule ikajaa mle ndani, nyembamba, imara, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila mstari. Veronika aliinua uso. Alisikia. Anselmi, shavu likiwa sakafuni, aliiona miguu ya mama yake ikikakamaa.

"Nani huyo anayeimba?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza wenye masikio mazito.

"Ni wewe, mama!"

"Hapana."

"Ni wewe! Wamesema mwimbishaji ni Veronika!"

Akaegemea mlango, akaweka kiganja kwenye kitambaa mahali spika ilipokuwa ikitetemeka. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta.

"Mimi siijui sauti yangu," akasema. "Lakini hii naijua. Huyu ni mama. Alikufa sijavunja ungo, Anselmi, na sauti yake nilikuwa nimeisahau. Huyu ni mama kabisa."

Kwaya ikampokea mwimbishaji, kisha ikamwachia tena peke yake. Vidole vya Anselmi vilianza kufa ganzi. Nje Mzee Yunusi alikuwa akigonga kioo, akitaka kujua kama wafungue.

"Waambie wasifungue," mama akasema. "Na wewe usiachie hapo."

Hakuachia. Alilala pale sakafuni nyimbo zote nne, akimsikiliza bibi yake kwa mara ya kwanza.