Mdogo Bado Hajala

Nikisikia mtu anasema watoto wa zamani walijilea wenyewe, nakasirika mpaka leo. Sisi tulilelewa, tena vizuri, na mahali penyewe napataja: Iringa, miaka ya hamsini, uani nyuma ya ukumbi wa mji. Tulipaita kwa Bibi.

Hakuwa bibi yetu wa damu. Alikuwa mjane wa Kiislamu. Wazazi wake walitoka pwani na biashara ya nguo, lakini yeye alizaliwa hapa hapa na aliwasalimia mama zetu "kamwene" kama Mhehe yeyote. Mama zetu walikuwa watu wa kazi, wengine wakifua hospitalini, wengine wakiuza mboga sokoni. Mchana waliwaacha wadogo kwake, na sisi wa shule tukitoka darasani tulikimbilia huko, mbio za kushindana. Mimi nilikuwa nakimbia vibaya, na bado nilitaka kuwa wa kwanza kila siku.

Hata wewe ungekimbia. Msimu wa baridi Bibi alituwekea karai la maji ya moto mlangoni, kila mtoto akasimama humo kidogo, maana wengi tulitembea pekupeku na baridi ya Iringa haina huruma. Alitukagua kucha, akatusikiliza vifua, akajua nani alikohoa jana na nani kachapwa kwao asubuhi. Kisha ukaja wali wa mchele wa Usangu na maharage, katika sinia moja kubwa, sote tumelizunguka mkekani. Hapo palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Mkono wa mtu haugusi sinia mpaka mtoto mdogo kuliko wote atie tonge la kwanza mdomoni. Hata njaa ikuume vipi, utasubiri. Kwa hiyo sisi wakubwa tulijifunza upesi kumbembeleza huyo mdogo, kumfuta kamasi na kumkalisha vizuri, kwa sababu matumbo yetu yalikuwa mikononi mwake.

Mwaka ule aliyekuwa mdogo kuliko wote ni mdogo wangu wa kiume, mtoto mnene, mwenye maringo ya mtu mzima. Alijua cheo chake na alikifurahia.

Ndipo tukasikia kwamba wakubwa wa mji wanautaka ule ua wajenge stoo. Mama mmoja wa Kizungu, msimamizi wa mambo ya akina mama na watoto katika ofisi ya jimbo kule Mbeya, angekuja kupatazama, kisha aseme pafungwe au paachwe. Mama yangu, aliyekuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, hakunificha kitu.

"Pakifungwa, mwakani shule basi," aliniambia. "Huyu mdogo wako nitamwacha na nani?"

Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nimeshachungulia darasa la nne dirishani, nikaona ramani ukutani, na niliitaka ile ramani kwa roho yangu yote.

Mgeni alikuja Jumamosi. Sasa, kwetu mtoto akikivamia chakula mbele ya mgeni, aibu ni ya mama yake. Watasema kwao hawali. Asubuhi hiyo mama akatusongea ugali, akatuongezea viazi, akasimama juu yetu mpaka tukamaliza. "Leo msinitie aibu," alisema. Kumbe kila mama mjini alikuwa na akili hiyo hiyo, na kila mmoja alijiona mjanja peke yake. Njiani kuelekea kwa Bibi niliwaona wenzangu wanatembea polepole, wameshika matumbo.

Landrova ilifika imejaa vumbi. Mgeni alikuwa mrefu, Kiswahili chake kizuri, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetoka Mbeya bila kula. Alitazama karai, alitazama mikeka, alitazama choo. Kisha Bibi akaleta sinia, wali umetiwa samli kwa heshima ya siku ile, akamkaribisha mgeni mkekani katikati yetu.

Macho yote yakaenda kwa mdogo wangu. Yeye akautazama wali, akageuza uso.

"Nimeshiba," alisema.

Nikamnong'oneza kwamba nitambeba mgongoni mpaka nyumbani Kihesa. Akafumba mdomo. Nikamwongezea ahadi ya kesho na keshokutwa. Akaufumba zaidi. Mgeni akatuangalia mmoja mmoja, watoto wote hawa, chakula mbele yao na hakuna anayekigusa.

"Hawakipendi chakula hiki?" alimwuliza Bibi.

"Wanakipenda, mama," Bibi alijibu, lakini sauti yake haikuwa na uhakika, na mimi nikaiona stoo imeshasimama pale pale tulipokaa. Mgeni, sijui alitaka kututia moyo au ilikuwa njaa yake tu, akanyoosha mkono kwenye sinia.

Nikaudaka. Mtoto wa darasa la tatu, nimemshika mkono Mzungu wa ofisi ya jimbo.

"Subiri, mama," nikasema. "Mdogo bado hajala."

Bibi alifumba macho. Nikauachia ule mkono upesi.

"Mdogo yupi?" mgeni aliuliza. Nikamwonyesha. "Na asipokula?"

"Tunasubiri."

"Wote?"

"Wote," mkeka mzima ukajibu.

"Hata mimi?"

"Hata wewe," nikasema, maana sheria ni sheria.

Akaurudisha mkono, akauweka mapajani, akasubiri pamoja nasi. Wali ukaanza kupoa. Mdogo wangu akaona uso mpya nao unamwomba kwa macho, na hilo likamkolea. Akafinyanga kitonge, akakitia mdomoni, akatafuna bila haraka. Mkono wa mgeni ulifuata mara moja, kisha yetu, na tulivyokuwa tumeshiba tulikuwa tunadonoa tu.

"Nyie mmekula wapi?" Bibi akauliza mwishowe. "Nyumbani," akasema mmoja, na mwingine, na mwingine. Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Alipomweleza mgeni, naye alicheka huku anafuta sinia kwa kidole.

Alipoagana na Bibi alisema hivi, nami nilikuwa nimesimama karibu makusudi: "Stoo watajenga kwingine. Nitawaambia mwenyewe." Tulipiga kelele, tukarukaruka, mtu akalipindua karai. Furaha ile sijui niieleze vipi. Nilimfunga mdogo wangu mgongoni, nikakimbia naye mpaka hospitalini.

Mama alikuwa anakamua shuka. Nilimweleza yote bila kupumua, naye akaendelea kukamua.

"Mimi nilipewa mtoto nibebe, nipo darasa la pili," alisema bila kunitazama. "Mdogo wangu. Nilipokuja kumshusha, wenzangu walishamaliza shule."

Akaliacha lile shuka. Akaifungua kanga kifuani kwangu, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwake mwenyewe, akarudi kufua.