Kitanda Tulichokitoa Kwenye Lori la Mkate

Watu wakichungulia ndani ya lori letu, swali la kwanza huwa ni choo kiko wapi, na la pili ni kitanda kiko wapi. La choo namwachia mume wangu. La kitanda najibu mwenyewe, tena kwa mkato: hatuna. Tunalala chini, kwenye godoro, na kila asubuhi kabla ya chai tunalikunja, tunalifunga kamba na kulisimamisha nyuma ya cherehani. Tukienda kwetu Kanyangi tunaliacha kwa jirani kabla ya kufika langoni, ingawa siku hizi hakuna mtu pale langoni wa kutukagua. Wengine hucheka. Ati watu wazima hivi, migongo yenyewe mibovu, mnalala chini kama wanafunzi? Nyamaza, nasema moyoni, hujui unachouliza.

Kitanda tulikuwa nacho. Kizuri, aki ya Mungu, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kulalia.

Lori lenyewe ni la boksi, lile la kupeleka mkate madukani. Mume wangu aliliendesha miaka mingi kati ya Kitui na Makueni, mpaka wenye mkate wakanunua magari mapya na kuuza yaliyochoka. Akanunua lile lake. Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Akanijibu, “Wewe unashona nguo leo soko la Kitui, kesho Mukuyuni, kesho kutwa Kanyangi, na kila siku ni kuhangaika na cherehani. Si tuhame na soko tu?” Watoto Mungu hakutujalia, na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kupanga, kwa hivyo hapakuwa na cha kutushika. Lakini mimi kilichonifanya nikubali ni mama yangu.

Mama alikuwa Kanyangi peke yake. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, miguu inavimba, akipanda kilima cha kanisani anasimama mara kwa mara akijifanya anaangalia mashamba ya watu. Ndugu zangu wako Mombasa na Nairobi, wanatuma salamu kwa simu, na salamu hazimchotei mtu maji. Nilitaka awe karibu nami. Nilitaka tumchukue tuzunguke naye, aone masoko, akichoka tumrudishe kwake, na siku moyo ukimzidia gari liwe papo hapo. Sikutaka kingine.

Basi tukahamia kwa fundi wa kuchomelea mjini Kitui, kiangazi chote. Boksi la bati kwenye jua la Kitui ni tanuri, jameni. Tulibandika trei za mayai ukutani na juu kwenye dari, tukafunika na plaiwudi, ndipo tukaweza kukaa ndani mchana bila kutoka jasho la homa. Sola juu, mtungi wa maji juu, gesi pembeni ya mlango, cherehani nikaifunga sakafuni kwa nati. Harufu ya mkate haikutoka. Mpaka leo jua likipiga sana inarudi, na maandishi ya zamani ubavuni tuliyapaka rangi lakini bado yanaonekana, watoto wa barabarani wanatupigia kelele, “Mkate! Mkate!” Mwanzoni nilikuwa naona haya. Siku hizi nawapungia mkono.

Kitanda mume wangu alikitengeneza mwenyewe, kwa mabomba ya chuma, akakichomelea ukutani kisicheze barabarani. Chini yake akaweka droo za vitambaa vyangu. Mimi nikashona pazia na foronya za kufanana. Halafu akakata dirisha, upande wa kushoto, na dirisha hilo lilikuwa la mama. Alitaka mama akiketi aone nje bila kunyoosha shingo. Sasa, mtu hawezi kwenda kumpima mama mkwe wake urefu, hilo hata halisemeki. Kwa hivyo akaniketisha mimi kwenye kreti ya mkate, akaweka alama usawa wa macho yangu, akafikiri kidogo, akaishusha. “Mama yako ni mfupi kuliko wewe,” akasema, na akaona aibu hata kusema hivyo. Nilimcheka mpaka fundi akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya kumwonyesha mama tuliosha lori mpaka magurudumu. Alitoka shambani na jembe lake begani, akalizunguka, akagusa dirisha kwa nje, akatikisa kichwa kwa furaha. “Aiya! Nyie watoto!” Mume wangu akafungua milango ya nyuma kwa madaha yote aliyokuwa nayo. Mama akaweka mguu kwenye ngazi, akachungulia, na papo hapo akavuta leso yake akafunika macho, akageuka akatupa mgongo.

Nilidhani ni moyo. Nikamrukia. Akanisukuma.

“Mmenionyesha kitanda chenu,” akasema.

Mume wangu akawa ameshatoweka upande wa pili wa lori. Nilimsikia akikohoa huko kikohozi cha uongo.

Sisi Wakamba tunaiita nthoni, heshima ya mtu na mkwewe. Mama mkwe halali nyumba ya mkwewe, hasogelei mahali mkwewe anapolala, na mkwe naye hivyo hivyo kwake. Hawakai wakitazamana machoni. Si chuki, wala si woga, ni upendo uliopewa mipaka. Kwenye nyumba ya mawe hilo halina shida, kuna sebule, na chumba cha kulala kina mlango wake, mgeni anakunywa chai yake anaenda. Lakini sisi wawili, werevu wa barabarani, tulikuwa tumejenga nyumba ambayo yote ni chumba cha kulala. Na hatukuona! Kwetu lilikuwa lori tu. Tulipima kila kitu, hata macho ya mama tuliyapima, na katikati ya yote tukamwekea kitanda cha mkwewe.

“Mama, hili ni gari,” nikamwambia.

“Lina pazia, lina jiko, lina kitanda. Hiyo ni nyumba. Nyumba nzuri, mwambie nimeipenda. Lakini mimi humo siingii.”

Tulijaribu kuongea. Mume wangu alituma neno kupitia kwangu kwamba atatenga kitanda kwa pazia zito. Mama akasema pazia linapeperushwa na upepo. Atatenga kwa ukuta wa plaiwudi, basi, wenye mlango. Hapo mama akasema sawa, ukuta ni ukuta. Tukakubaliana hivyo. Lakini ukuta ungetaka cherehani ing'olewe ihamishwe, na shule zilikuwa zinafunguliwa, sare za kushona zimenijaa mpaka kwenye sufuria. Tukasema baada ya sare. Halafu tukasema baada ya mvua.

Kwa hivyo tulipokuwa Kanyangi mama alikaa nje. Tulimtolea kreti, anaketi kivulini pa lori chini ya dirisha lake, na mimi ndani nampitishia chai hapo dirishani. Dirisha lilikuwa limewekwa yeye aangalie nje, na sasa yeye ndiye alikuwa nje anaangalia ndani, na hata ndani hakuangalia, alinipa kisogo akaongea akitazama mbuzi. Tulicheka sana pale. Alinisema kwa kunenepa, alinisema kwa chai yangu nyepesi. Akitaka kusafiri kidogo alikaa mbele, mimi katikati yake na mume wangu, na wote wawili wakatazama barabara kana kwamba hawajuani. Nilizoea nikaona tuna wakati.

Mvua ilitukuta Mukuyuni. Jirani ya mama akapiga simu kwamba mama hawezi tena kutoka kitandani, pumzi inakatika, na mwenye zahanati ya sokoni amesema apelekwe Kitui hospitali bila kuchelewa. Matatu zilikuwa zimeacha kuja, barabara ni matope matupu. Mtu wa bodaboda alikuja akamwona akaondoka, maana angemfunga vipi mtu asiyeweza kukaa? Tulikusanya nguo za watu zikiwa hazijapigwa pasi, tukaondoka. Tulifika kesho yake asubuhi, tope mpaka kwenye vioo.

Mama alikuwa ameegemezwa mito, miguu imekuwa minene, midomo imebadilika rangi. Nikamwambia twende. Kukaa mbele kwenye kiti asingeweza, ilikuwa lazima anyooshwe miguu, aegemezwe. Nyuma kulikuwa na kitanda kinamngoja, kipana, chenye shuka safi.

Akakataa.

Nilimgombeza, sitaficha. Nilimwambia nthoni haitibu moyo. Wanawake wa kanisani waliokuwa wamekesha naye wakamwambia Mungu haangalii vitu hivyo, ni mambo ya zamani. Akavuta pumzi kwa shida, akasema, “Mungu ananijua. Huyu kijana wa watu ameniheshimu tangu akuoe. Leo nikalale kwenye kitanda chake, kesho ataniwekaje moyoni?” Nikamwambia, “Na mimi ataniwekaje moyoni ukifia hapa?” Nikatoka nje nikilia kwa hasira.

Mume wangu alikuwa amesimama mvuani, amesikia yote. Aliingia ndani ya lori akatoka na godoro, akaliegemeza kwenye ukuta wa jiko la mama. Akatoa shuka, mito, nguo zetu. Halafu nikasikia msumeno wa chuma. Sola ilikuwa haina moto kwa mawingu yale, grinda ya kukatia chuma haiwezi kufanya kazi, kwa hivyo alikata kwa mkono, bomba baada ya bomba, kitanda alichokichomelea mwenyewe kisicheze. Ilichukua muda, nami nikarudi ndani kwa mama. Mama naye alikuwa akisikiliza.

“Anakata nini?” akaniuliza.

“Kitanda.”

Akafumba macho. “Chote?”

“Chote, mama.”

Kikatupwa nje nyasini, kwa kishindo. Mama akatabasamu kidogo. “Maskini kitanda,” akasema.

Mume wangu akafagia sakafu, akapanga kreti za mkate, wanawake wakatandika juu yake godoro la mama mwenyewe kutoka nyumbani kwake. Halafu yeye akaenda akasimama mbele ya gari, ametazama barabara, wanawake wakambeba mama kwa blanketi wakampandisha. Kreti zilimwinua sawasawa. Nilipomwegemeza, macho yake yalifika dirishani. Kipimo kilikuwa kimekaa.

Boksi la lori halina njia ya kuongea na dereva. Enzi za mkate mpakiaji alikaa nyuma, na waliongea kwa kugonga bati: kugonga mara moja ni kuna nini, simama, mara mbili ni sawa, twende. Sisi tuliendelea hivyo hivyo. Nilifunga mlango nikagonga mara mbili.

Sijawahi kuendeshwa vile. Kila shimo alilizunguka, kila jiwe alilipanda pole pole. Mama alikuwa ananishika mkono, anaangalia nje. “Tumefika wapi?” anauliza, namwambia, na akiwa na pumzi ananiambia shamba lile ni la nani na mwenyewe ni mvivu. “Kumbe mnaona vizuri hivi,” akasema. “Na kunanukia mkate humu.” Kisha akasema, “Mwambie asante. Mwambie atengeneze kingine mvua ikiisha.”

Baada ya hapo aliuliza tumefika wapi mara moja tu, kwa sauti ndogo sana. Nikamwambia lami iko karibu. Mkono wake ukawa mzito mkononi mwangu. Niliita mama, mama. Uso wake ulibaki umeelekea dirishani.

Lori likasimama. Tulikuwa tumefika kwenye lami. Mume wangu akashuka, nikasikia viatu vyake kwenye tope, akagonga ubavuni mara moja. Kuna nini? Mko sawa?

Nilikaa nimemkumbatia mama yangu, mkono wangu uko hewani. Nikagonga mara mbili.

Akarudi akapanda, akaendesha. Kwenye lami pia alienda taratibu, magari yanatupita yakipiga honi. Nilimvuta mama leso ikae vizuri kichwani, maana hakupenda kuonekana ovyo. Sikulia njiani. Nilikuwa namwambia tumefika wapi.

Pale hospitali alifungua milango huku amegeuza uso pembeni, kama siku zote. “Mama, tumefika,” akasema kwa heshima. “Pole kwa barabara.”

“Tangu kabla ya lami,” nikamwambia.

Alisimama na mkono kwenye komeo. “Lakini uligonga mara mbili.”

“Niligonga. Ulikuwa unamwendesha vizuri mno.”

Ndipo akainua uso akamtazama mama mkwe wake, machoni, kwa mara ya kwanza tangu anioe, na hapo mlangoni mwa lori, watu wakipita, akalia kwa sauti.