Mifuko ya Mkate

Sista Ngendo hakujua kukaa. Ukimpa kiti anashukuru, kisha anabaki wima akizungusha macho chumbani huku chai yake ikipoa mezani. Mwaka ule wa 1996 alikuwa akiuguza wagonjwa majumbani Thika na wengine kwetu Ruiru, na dawa ya ukimwi haikuwafikia watu kama sisi. Alichobeba ni sabuni, dawa ya vidonda vya mdomo na ulimi mkali.

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga alikuja kwa Warigia, jirani yangu wa ukutani, mshona nguo aliyeanza kukonda na kuharisha. Sisi majirani, hodari wa kujua yasiyotuhusu, tulisema ni kifua. Damu ilipopimwa, Ngendo alimweleza Warigia ukweli, na kwa ruhusa yake akamweleza mama yake pia. Akamfunza: ukishika damu au choo na huna glavu, vaa mikononi mifuko ya plastiki ya mkate.

Mama Warigia alilishika somo hilo akapitiliza. Alivaa mifuko tangu asubuhi, akaifunga kwa mipira, akapika nayo, akamlisha nayo mwanawe. Chakarachakara mchana kutwa, hata mimi nilichoka kuisikia. Warigia, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaacha kula. Kijiko kikija anageukia ukuta.

Ngendo alipofika nilikuwa nimewapelekea maji moto. Alimtazama mgonjwa mara moja tu, uso ukamkunjamana. Asipokula angetuacha upesi.

"Anakataa uji tangu Jumapili," mama akasema. "Na nafanya vile uliniambia, sista."

"Nilisema ya choo, Mama Warigia. Si ya uji. Toa hizo vitu."

"Na nikishikwa na ugonjwa? Nani atamwangalia?"

Niliona haya. Siku hizo zote nilikuwa nimemwita mwoga moyoni.

"Hautashikwa na shavu la mtoto wako," Ngendo akasema, akampapasa Warigia usoni kwa mkono mtupu ili mama aone. Kisha hakungoja tena. Akaivuta ile mifuko mwenyewe, akauongoza mkono wa mama, uliolowa jasho na kukunjamana, hadi kwenye shavu lile.

Warigia aliushika, akaupapasa kidole kwa kidole.

"Maitu," akamwita mama kwa Kikuyu. "Ulikuwa umeenda wapi?"

Mama yake, ambaye hakuwa amelala nje ya chumba hicho tangu Pasaka, alivuta bakuli la uji karibu. Alichukua kijiko, na Warigia akafungua mdomo.