Muache Riziki Abonyeze Mwenyewe

Iko siku moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa kigori hapa kijijini Bodo, najifunza kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, pamoja na Mwanasha wa Bakari na Mejumaa wa Hamisi. Kila nilipokosea, mama alininyang'anya miyaa, yale majani ya kusukia, akanisukia yeye. Ukili ulitoka mzuri, nami sijui kitu. Jirani yetu Bi Mwanatumu, Mungu amrehemu, akamwambia mama, "Huyo unamfunza au unamsukia? Muache aharibu."

Mama alinuna, lakini aliniacha. Miyaa niliharibu, nikaharibu tena. Tukawa tunachunguliana sisi wasichana, aliyepatia anaulizwa, mpaka mikono ikazoea.

Sasa juzi juzi tumeletewa vishikwambi, hizi simu pana zenye hadithi na hesabu, ili watoto wasiokwenda shule wajifunze kusoma wao kwa wao. Wageni waliovileta walisema watarudi baada ya Ramadhani. Wakikuta watoto hawajui kuvitumia, watavipeleka kijiji kingine. Mjukuu wangu Riziki aliacha shule babake alipougua. Kwake yeye shule iliyobaki ilikuwa ni hivyo vishikwambi tu.

Msimamizi ni Salimu, mjukuu wangu mkubwa, kijana mwema, amesoma. Lakini alikuwa akishika yeye, akibonyeza yeye, watoto wamemzunguka kama watazamao mpira. Riziki akinyoosha kidole, aambiwa ataharibu.

Nikamwita Salimu. Akaja, akaniamkia, nikamuuliza, "Salimu, wewe kusoma si unajua? Basi wapishe wasiojua."

Akacheka. "Bibi, wakibonyeza ovyo wanapotea humo."

"Waache wapotee. Humo hamna kisima."

Akaenda kukaa kando, shingo upande. Mwanzo zikawa kelele tupu. Baadaye ukisikiliza, Riziki anasoma, mwenzake anamkosoa, wanazozana, wanarudia.

Wageni wakarudi. Riziki akasoma mbele yao, mara akakwama kwenye neno. Salimu akainuka kumsaidia, mtoto hata hakumtazama.

"Kaa, kaka. Nalitafuta."

Akalitafuta, akalipata. Wageni wakaenda zao, vishikwambi vikabaki.

Mwanangu, ukipewa watoto na chombo cha kuwafunza, kaa karibu wakuone, ukiulizwa jibu, lakini mikono yako iweke mapajani. Kukosea kwao usikuonee huruma, ndiko wanakosomea. Mola akupe subira, na wadogo walio mbele yako awafikishe mimi nisikofika. Amin.