Watu wa Mji katika Vita vya Mjomba

Juzi mwanangu alirudi kutoka Nizwa na sanduku la askari wadogo na kijitabu cha kanuni mpya. Akawapanga juu ya meza ya kulia: Wareno ndani ya ngome, jeshi la Imamu nje. Akaniita kwa Kiarabu nije nicheze naye. Nikamwambia nina kazi jikoni. Sikuwa na kazi yoyote. Nilisimama na sufuria tupu mkononi, nikajiona niko Ibra, nyumbani kwa bibi yangu, siku ya Ijumaa.

Ijumaa zile, ungelikuja, ungelisikia harufu ya mchuzi wa papa tangu barabarani. Bibi alipika wali kwa tui la kopo na kila wiki akalalamika kuwa lina ladha ya bati, na kila wiki tukala mpaka ukoko. Baada ya chakula, mimi na kaka yangu tulifagia majlisi, chumba cha wageni, tukatandika shuka la rangi ya mchanga. Mjomba, kaka yake mkubwa mama yangu, ndipo alipofungua mkoba wake.

Alikuwa mtu wa ofisi ya serikali, mpole. Askari wake walikuwa wa madini ya risasi, wafupi kuliko kidole gumba, na aliwapaka rangi mwenyewe mpaka vilemba vikaonekana mikunjo. Milima tuliifanya kwa magunia ya tende, ngome kwa makopo ya halwa. Mwendo wa askari tuliupima kwa futi ya bibi ya kushonea, na dadu tulizirusha ndani ya sinia, zikalia kama mvua juu ya mabati. Mjomba alitusimulia nani alimzingira nani Mombasa, na kwa nini. Historia niijuayo niliipata pale chini, kwa magoti yangu.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja akaja na kanuni mpya. Alizitunga yeye na alizionea fahari. "Zile za zamani ni za kitoto," alisema. "Vita vyote askari tu. Mji una watu wake." Akatoa vijisanamu vipya: wanawake wenye mabuibui, wazee, watoto. Mji ukitekwa, mshindi huwatoa watu wake, na kila anayetolewa humwongezea pointi.

Kaka akauteka mji. Akaanza kuwaokota wale wanawake na watoto mmoja mmoja, akiwatia ndani ya kopo, nasi tukihesabu kwa sauti na kucheka. Bibi akaingia na sahani ya kaimati. Akasimama.

"Na hao wanakwenda wapi?"

"Hawendi pahala, mama," alisema mjomba. "Wametoka mchezoni."

Bibi akaweka sahani chini, polepole. Alimtazama mwanawe kama anayempima.

"Mie nilitolewa mjini kwangu, Unguja," alisema. "Wewe mgongoni, nduguyo mkononi. Bandarini watu wakasukumana kuingia melini. Mkono ukaniponyoka."

Mjomba alikuwa ameshafika umri wa kuota mvi, na maisha yake yote alijijua yeye ndiye kifungua mimba.

"Ndugu yupi, mama?"

"Mkubwa wako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelifanya nini?"

"Ningelimtafuta!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya mama yake. "Nani jina lake? Mwanamume au mwanamke?"

Bibi akageuka akarudi jikoni. Alasiri yote mjomba alikaa mlangoni akimuuliza, mara kwa upole, mara kwa hasira, na yeye akachambua mchele kama hakuna mtu. Magharibi mjomba akawasha gari akaenda zake. Askari wake alituachia sisi, hatukuwagusa. Mama ndiye aliyewakusanya.

Alikwenda Unguja mara mbili. Mtaa aliutambua kwa jina tu. Majirani wa zamani walikuwa wametawanyika, na waliokuwapo hawakumjua mtu. Aliporudi alihamia Sur, akaoa huko, na Ibra akawa anapita kama mgeni: shikamoo, marahaba, kikombe cha kahawa, kwaheri. Bibi hakumwomba akae. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, mpaka Mungu akamchukua bibi. Siku ya maziko mjomba alishuka kaburini kumpokea, na alipotoka, udongo kanzuni, alimwambia mama, "Amekwenda nalo lile jina."

Nyumba ile sasa ina kufuli. Kile Kiswahili cha bibi, cha mji, kilichokuwa kikitukemea na kutubembeleza kwa pumzi moja, wanangu wanakielewa nusu, na kujibu hujibu kwa Kiarabu. Wali kwa ukoko hakuna anayeutaka. Haya yote ningeyavumilia.

Ila kila Ramadhani tunawaombea wafu wetu kwa majina, na tukifika kwa yule mtoto tunakwama. Kwa Kiswahili cha bibi alikuwa "nduguyo", basi. Dua ya Kiarabu inataka ujue unamwombea mwanamume au mwanamke. Mama husema neno la kiume, mimi husema la kike, na hatujui hata kama tunayemwombea ni maiti.